TUHESABU WALIOFIKA, SI WALIOONDOKA



Kila mara vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa wanapofuzu kule Gilgil, habari hutufikia kwa namna moja. Twaambiwa wamefuzu elfu kadha wa kadha, gwaride lilikuwa zuri, mabuti yalipiga chini kwa pamoja, mgeni wa heshima akapokea saluti, na bendi ikapiga. Hesabu ile husomwa redioni, na sisi wazazi na ndugu zao huku Kianjokoma hupiga makofi. Hatuna neno baya juu ya gwaride. Lakini twauliza swali moja, nalo ndilo jambo la ukurasa huu: hesabu ile yatuambia nini juu ya maisha ya kijana yule baada ya miaka mitano?

Sisi ni watu wa reli. Katika kazi yetu gari la mizigo halisifiwi kwa kuondoka. Likitoka Nairobi na mabehewa ishirini, huandikwa ishirini. Na lifikapo mwisho wa safari, mtu mwingine huhesabu tena, hutazama lakiri za milango, hulinganisha na hati ya mzigo, ndipo huweka sahihi yake. Ikiwa behewa moja limeachwa njiani kwa ubovu wa ekseli, nalo limeandikwa, mahali lilipoachwa na saa. Mfanyakazi akileta ripoti yenye mabehewa yaliyoondoka tu, bila yaliyofika, ataitwa ofisini siku ile ile. Basi kwa nini gunia la saruji lifuatwe hata mwisho wa safari, na mtoto wa mtu aachwe kwenye lango la kambi?

JAMBO HILI LATUHUSU

Huenda ndugu mmoja atasema kwamba chama cha wafanyakazi kina kazi yake, na mambo ya kambi za vijana si yetu. Hivyo sivyo. Kianjokoma hakuna reli. Makao yetu yako juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, katika mashamba ya chai na kahawa, na atakaye kuona gari moshi sharti ashuke Embu hata Sagana. Wengi wetu tuliacha nyumbani kwa sababu shamba halikutosha. Shamba la babu likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hubaki mistari michache ya chai ambayo mtu mmoja aimaliza kuchuma kabla ya saa nne. Kijana amalizaye shule ya sekondari bila nafasi ya kuendelea huwa na njia tatu machoni pake: kuendesha pikipiki ya watu, kuchuma chai ya watu, au kupanga mstari na bahasha yake siku ya kuandikishwa Huduma, ambayo wengi huiita kwa herufi zake tatu, N.Y.S. Kwa hiyo miaka atakayoitoa kule ni miaka ya nyumba zetu.

Tena kuna sababu ya pili. Njia ya Nanyuki ililala miaka mingi, majani yakaota katikati ya reli. Ilipofufuliwa, na treni ya abiria ikarudi mwezi wa Desemba mwaka wa 2020, kazi ile ilifanywa na Shirika la Reli pamoja na wanajeshi na vijana wa Huduma. Kila mtu wa genge la njia ajua maana ya kazi ile: kung'oa mataruma yaliyooza, kuinua reli kwa jeki, kushindilia kokoto kwa mtaimbo, jua likiwa utosini. Kijana aliyeifanya amejifunza kitu, na taifa limepata njia. Tunampa heshima yake. Lakini lazima tuulize mambo mawili. Kwanza, kijana yule yuko wapi leo? Je, amepata kazi katika genge lolote, au amerudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha? Pili, kazi ifanywayo na kijana wa posho huenda ingefanywa na mtu wa mshahara. Ikiwa posho ni ngazi ya kumpandisha kijana kwenye mshahara, sisi twaikubali kwa mikono miwili. Ikiwa ni njia ya kupata kazi ya reli kwa bei rahisi, na kijana hapandi, basi wote wawili wamepunjwa, kijana na kibarua. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili bila kumfuata kijana baada ya kambi.

TULIKOTOKA

Watu wa Embu wana kumbukumbu zao juu ya kazi ya taifa. Wazee wachache waliobaki wakumbuka handaki lililochimbwa kando ya msitu wa Mlima Kenya wakati wa hali ya hatari, kati ya mwaka wa 1952 na 1960, ili kuwatenga wapiganaji na chakula cha vijijini. Lilichimbwa kwa majembe ya watu waliolazimishwa, akina mama wengi miongoni mwao. Ile nayo iliitwa kazi ya wote. Ndiyo sababu mzee wa huku akisikia neno la vijana kutumikia taifa, kwanza hunyamaza.

Katika miaka ile ile ya 1950, kule Wamumu, sehemu ya Mwea ambayo siku zile ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu na leo ni Kaunti ya Kirinyaga, ilifunguliwa kambi ya wavulana waliokuwa wamefungwa kwa ajili ya Mau Mau, wengi wakitolewa kambi ya Manyani. Walifundishwa ufundi, michezo na gwaride, na Serikali ya kikoloni ilijisifu sana kwa kambi ile. Mmoja wa maofisa waliofanya kazi na wavulana hao alikuwa Geoffrey Griffin, mzaliwa wa Eldoret. Mwaka wa 1959 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Starehe kwa ajili ya watoto wasio na makao, na Uhuru ulipokuja na Huduma ya Vijana kwa Taifa ikaundwa mwaka wa 1964, yeye akawa mkurugenzi wake wa kwanza, akaishika kazi hiyo hata mwaka wa 1988. Kwa hiyo mbegu moja ya Huduma ilioteshwa katika udongo wetu, na katika udongo mchungu. Twasema haya si kwa kuidharau Huduma, maana mti mzuri waweza kuota mahali pabaya. Twayasema ili ijulikane kwamba kujisifu kwa kambi si jambo jipya, na kwamba mwenye kambi hawezi kuwa shahidi wa pekee wa kambi yake.

Mwaka ule ule wa 1964, Kenya ilitia sahihi mapatano ya Shirika la Kazi Duniani yakatazayo kazi ya kulazimishwa: lile la mwaka wa 1930 na lile la mwaka wa 1957. Hili la pili lakataza hasa kuwatumia watu kwa nguvu kama njia ya kuendeleza uchumi wa nchi. Mwaka wa 1970 Shirika hilo likatoa pendekezo maalum juu ya mipango ya vijana, likisema kwamba kwa kawaida kuingia kuwe kwa hiari. Wanachama wayakumbuke mapatano haya. Kipimo cha kwanza cha Huduma yoyote ni hiki: je, kijana aliingia kwa kupenda, na je, aliambiwa kweli juu ya kile atakachopata?

HESABU YA KUTOA

Sasa tuje kwenye upimaji wenyewe. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi ya misheni na hatukuendelea mbali, lakini hesabu ya kujumlisha na ya kutoa tulifundishwa vizuri. Wakuu hutumia kujumlisha: waliofuzu mwaka huu, jumlisha waliofuzu mwaka jana. Kupima maisha ya vijana ni hesabu ya kutoa. Chukua hali ya kijana aliyekwenda, toa hali ambayo angekuwa nayo kama asingekwenda. Kinachobaki ndicho Huduma ilichomfanyia. Chaweza kuwa kingi, chaweza kuwa kidogo, na chaweza hata kuwa chini ya sufuri.

Ugumu uko hapa: kijana mmoja hawezi kwenda na kubaki. Hatuna budi kumtafuta mwenzake anayelingana naye aliyebaki. Na hapo ndipo watu wengi hukosea. Watasema: tazama fulani, alikwenda Gilgil, leo ni fundi mwenye duka la kuchomea vyuma; na fulani hakwenda, leo ni mlevi. Lakini siku ya kuandikisha, maofisa hawakuchagua kwa kufumba macho. Walimtazama mwenye afya, mwenye mbio, mwenye cheti cha shule. Walichukua ng'ombe wanono, kisha wakasema malisho yao ndiyo yaliyowanonesha! Huenda fulani angekuwa fundi hata bila Gilgil. Yamkini pia mlevi yule ndiye ambaye Huduma ingemfaa zaidi, naye hakuchukuliwa.

Nchi nyingine zilipata njia ya kulikata fundo hili, na njia yenyewe ni kura. Marekani, wakati wa vita vya Vietnam, tangu Desemba mwaka wa 1969 vijana walichaguliwa kwenda jeshini kwa kura ya tarehe za kuzaliwa. Kura haimjui mwenye mbio wala mwenye baba mkubwa. Kwa hiyo waliopatwa na kura na walioachwa na kura walikuwa watu sawasawa tangu mwanzo, na tofauti iliyoonekana baadaye ilitokana na jeshi. Mtaalamu wa uchumi Joshua Angrist aliandika mwaka wa 1990 kwamba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazungu waliotumikia wakati ule walipata mshahara wa chini kwa karibu asilimia 15 kuliko wenzao. Miaka ya jeshini ilikuwa miaka ambayo wengine walikuwa wakijifunza kazi. Argentina nako vijana walichaguliwa kwa kura, kwa tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba waliotumikia waliingia katika makosa ya jinai kidogo zaidi ya wasiotumikia, si kidogo chini. Watu wengi walikuwa wameamini kinyume, kwamba jeshi hunyosha tabia.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila huduma ni hasara. Uingereza iliwaita vijana wake jeshini hata mwaka wa 1960, na waliozaliwa baada ya Septemba mwaka wa 1939 wakaachwa. Watafiti walipolinganisha waliozaliwa kabla kidogo na baada kidogo, hawakuona tofauti ya mshahara. Na Nigeria, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ilianzisha mwaka wa 1973 huduma ya wahitimu wa vyuo vikuu, ambao hupelekwa jimbo lisilo lao. Uchunguzi uliofanywa kule ulionyesha kwamba waliotumikia mbali na kwao waliionea nchi yao fahari zaidi na walikuwa tayari zaidi kuishi nje ya kwao. Hili ni jambo kubwa kwa nchi kama yetu, ambayo kila uchaguzi hutukumbusha makabila yetu. Basi somo ni hili: matokeo hutegemea nchi, kambi, muda, na kile kifundishwacho. Hakuna awezaye kuyajua kwa kukisia. Lazima yapimwe.

Hata sisi tuna mizani yetu iliyolala bila kutumiwa. Kuanzia mwaka wa 1984 hata mwaka wa 1990 Kenya iliwalazimisha vijana wote wanaoingia chuo kikuu kupita kwanza katika kambi za Huduma. Waliowatangulia hawakupita, na waliowafuata hawakupita. Watu hao sasa ni wazee wa miaka hamsini na sitini, na maisha yao yako wazi kupimwa: kazi zao, majirani zao, ndoa zao za kabila moja au makabila mawili. Jirani zetu wa Tanzania vivyo hivyo. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka wa 1963. Sharti la wasomi kutumikia lilileta maandamano ya wanafunzi Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba, 1966, na Rais Nyerere akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Sharti hilo lilisimamishwa mwaka wa 1994 na likarudishwa mwaka wa 2013. Pengo kama hilo ni mizani kwa mwenye kutaka kupima. Ila apimaye awe mwangalifu: mwaka ule ule wa 1990 ndio wanafunzi wa kwanza wa masomo ya 8-4-4 walipoingia vyuo vikuu vyetu, na mambo mawili yakibadilika pamoja, ni rahisi kumsifu asiyestahili.

KURA YAWEZA KUTUFAA MARA MBILI

Kutokana na haya chama kinatoa shauri, nasi twaomba matawi yote yalijadili. Siku ya kuandikisha, waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Wanaotimiza masharti yote, wa afya, umri na elimu, nao bado huwa wengi. Basi kwa hao waliotimiza masharti, nafasi zigawanywe kwa kura ya wazi, uwanjani, mbele ya wazazi, kila sehemu kwa hesabu yake, na wasichana wasisahauliwe.

Faida ya kwanza kila mzazi aijua bila kuelezwa. Karatasi iliyo ndani ya kofia hainunuliki. Mjane asiye na mbuzi wa kuuza atakuwa sawa na mwenye duka. Faida ya pili ndiyo hii tuliyoieleza: waliopata na waliokosa watakuwa watu walio sawa, na baada ya miaka mitano twaweza kuwalinganisha bila ubishi. Sasa jambo hili limekuwa zito zaidi, kwa maana Serikali iliyoingia mwaka wa 2022 ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya wanaoandikwa polisi na jeshini watatoka katika Huduma. Mlango wa Huduma ukiwa ndio mlango wa mshahara wa Serikali, bei ya kuupita kwa siri itapanda. Afadhali tuujengee kura mapema.

MAMBO YA KUPIMA

Yafaa kujua pia tunapima nini. Tukiuliza neno moja tu, kama ameajiriwa, tutapata jibu la nusu. Sisi twataja sita.

Moja, kazi na mapato: anafanya nini, kwa miezi mingapi ya mwaka, na kwa malipo gani? Kibarua cha wiki mbili kisiandikwe kuwa ajira.

Mbili, ufundi: je, kazi aifanyayo ndiyo aliyofundishwa? Aliyefunzwa umeme akawa mlinzi wa usiku amepata mkate, lakini mafunzo yake yamepotea, na lazima tujue ni wangapi.

Tatu, mwili wake: je, alirudi mzima? Aliyeumia mgongo akiinua chuma, au mkono akipasua mawe, nani alimlipa, naye alilipwa nini? Mfanyakazi wa mshahara ana sheria ya fidia ya mwaka wa 2007. Kijana wa posho naye ana mgongo kama wetu.

Nne, akiba na nyumba. Katika mpango wa vijana wa mitaani ulioanza mwaka wa 2014, ambao walisafisha mitaro na kujenga vyoo katika mitaa kama Kibera, sehemu ya malipo yao ilikatwa na kuwekwa katika vyama vya akiba. Wazo lilikuwa zuri. Kipimo chake ni kama vyama vile viko hai na kama fedha zilimfikia mwenyewe.

Tano, tabia na uraia: amekaa salama na sheria? Ana rafiki wa kabila lingine ambaye angemwita kwenye harusi au matanga? Anajitolea kazi ya kijiji bila kusukumwa?

Sita, na hili ni la chama: mahali alipofanya kazi, je, wafanyakazi wa mshahara waliongezeka au walipungua?

Tena kupima huko kusiwe kwa mara moja. Mwezi wa kwanza baada ya gwaride kila kijana ana matumaini na viatu vyake vyang'aa. Aulizwe baada ya miezi sita, aulizwe baada ya miaka miwili, na baada ya mitano. Na watafutwe hasa wale wasioonekana. Aliyefaulu huja mwenyewe na pikipiki mpya. Aliyeshindwa hujificha, naye ndiye hati ya mzigo inayokosekana.

WAPINGAJI

Tumesikia wakisema kwamba nidhamu na upendo wa nchi havipimiki kwa kilo. Ni kweli havina kilo, lakini vina matunda, na matunda huonekana. Mtu akisema ana shamba la kahawa bora, hatumwombi atupimie ubora. Twangoja kiwanda kipime punje. Wengine husema kufuata vijana ni gharama. Twajibu kwa upole. Mwaka wa 2015 nchi nzima ilisikia juu ya shilingi milioni 791 zilizotoka Huduma kwa njia ya wizi, na mwaka wa 2018 kashfa nyingine ikazuka, watu wakapelekwa mahakamani. Fedha zilizopotea zingelipa makarani wengi wa kuwauliza vijana hali zao. Tena kuna jambo la kuhuzunisha ndani yake: katika kelele zote zile tulihesabiwa shilingi zilizopotea, wala si miaka ya vijana. Shilingi iliyoibwa yaweza kurudishwa na mahakama. Mwaka wa mtoto wa miaka ishirini haurudi.

Na wengine husema, kwa nia njema, kwamba kuuliza maswali haya ni kuivunja moyo Huduma. Ndugu, mtu wa njia apitaye na nyundo akigonga kila taruma haichukii reli. Hugonga ili lililooza lisikike kabla treni haijapita. Kama Huduma inawafaa vijana wetu, kipimo kitaisema kwa sauti kubwa kuliko bendi ya gwaride, na sisi tutakuwa wa kwanza kuomba ipanuliwe. Kama inafaa kwa wengine na si kwa wengine, tutajua ni mafunzo gani yaongezwe na yapi yaachwe. Kama kwa baadhi haifai kabisa, basi twaomba tuambiwe, maana ni watoto wetu.

DAFTARI LA TAWI

Hatutaki kukaa tukingoja Nairobi. Jambo dogo tunaloweza kulifanya tulifanye. Twapendekeza kila tawi linunue daftari moja la karatasi ngumu. Kila mwanachama mwenye mtoto, mdogo wake au jirani aliyetumikia katika Huduma tangu mwaka wa 2014 amwandikishe, kwa ridhaa ya kijana mwenyewe, na kwa namba badala ya jina, ili siri yake ihifadhiwe kama itakavyo sheria ya mwaka wa 2019 ya kulinda habari za watu. Ukurasa wa kushoto uwe wake. Ukurasa wa kulia uwe wa kijana mwingine wa kijiji kile kile na umri ule ule, aliyeomba nafasi akakosa. Maswali yawe yale sita. Katibu wa tawi aulize kila mwaka, mwezi wa Desemba, wakati wengi warudipo nyumbani kwa sikukuu.

Twajua daftari letu halitakuwa na nguvu ya kura, wala hesabu ya watu wachache wa Kianjokoma, Runyenjes na Manyatta haitoshi kusema juu ya nchi nzima. Lakini itatosha kumwonyesha mkubwa yeyote kwamba jambo hili lawezekana, na kwamba watu waliosoma madarasa machache wamelifanya kwa daftari na kalamu. Yeye ana makarani na mashine. Na mjumbe wetu aendapo kuzungumza juu ya vijana wa Huduma kuletwa njiani, atakwenda na kurasa mkononi, si na manung'uniko matupu.

Mkutano wa tawi uamue mambo matatu: daftari lianze, shauri la kura lipelekwe kwa Mbunge na kwa wakuu wa Huduma kwa barua, na katika kila mapatano yatakayohusu vijana wa posho kufanya kazi ya reli, chama kidai kifungu kimoja, kwamba idadi fulani yao waliofanya kazi vizuri waandikwe kazi ya kudumu, na majina ya walioandikwa yabandikwe ubaoni stesheni, ambapo kila mtu ataweza kuyasoma.

Wazazi wa huku huwafungia watoto wao safari kwa maziwa, maombi na nauli ya kukopa. Wamefanya sehemu yao. Anayempokea kijana yule langoni na afanye yake: aandike siku aliyoingia, na aandike pia mahali alipofika.

Umoja wetu udumu.